Homa Isiyo Malaria: Namna ya Kuwahi Matibabu ya Tifasi na Homa za Chawa, Kupe na Viroboto

Katika sehemu nyingi za Uganda, mtu akipandwa na homa hudhaniwa kwanza kuwa ana malaria, na mara nyingi dhana hiyo ni sahihi. Hatari huanza pale kipimo kinapoonyesha kuwa malaria haipo, lakini mgonjwa akapewa dawa ya malaria hata hivyo, au akaambiwa arudi nyumbani asubiri, au akanunua dukani vidonge vichache vya amoksilini na kuvimeza bila mtu yeyote kujiuliza ni ugonjwa gani hasa unaotibiwa. Ikiwa homa hiyo ni tifasi, yaani homa inayoenezwa na chawa au viroboto, au ni mojawapo ya homa za kupe zinazofanana nayo, siku tatu nne zinazopotea namna hiyo ndizo siku ambazo dawa ya bei nafuu ingemponya kwa urahisi. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya familia, wahudumu wa afya wa kijiji ambao wengi tunawaita VHT, na wauguzi wa vituo vya afya vya daraja la pili na la tatu, kwa kuwa hao ndio wanaomwona mgonjwa wakati dawa bado ina nguvu ya kumwokoa.

Kwa nini haifai kungoja

Vijidudu vya tifasi, vinavyoitwa riketsia, haviishi kama bakteria wengi tunaowazoea. Huingia ndani ya seli zilizotandaza upande wa ndani wa mishipa midogo ya damu, huzaliana humo, kisha huziharibu. Mishipa iliyoharibika huanza kuvuja, shinikizo la damu hushuka, na ubongo, mapafu na figo huanza kukosa damu ya kutosha. Antibiotiki inayofaa huzuia vijidudu visiendelee kuzaliana, lakini haiwezi kuziba mshipa ambao tayari umevuja wala kurudisha figo iliyokwisha kuzimika. Ndiyo maana dozi ileile, ya dawa ileile, humwinua mgonjwa wa siku ya tatu na huweza kushindwa kabisa kwa mgonjwa wa siku ya kumi.

Homa hizi hazilingani kwa ukali, na ni haki kulisema hilo wazi. Homa ya kupe ya Kiafrika, inayoletwa na kupe wakubwa wa ng'ombe wenye madoa ya rangi mgongoni, huumiza na kuchosha lakini ni nadra kuua. Tifasi ya viroboto wa panya nayo kwa kawaida si kali sana, ingawa wazee na watu wenye maradhi mengine huweza kulemewa nayo. Tifasi ya chawa wa mwilini ndiyo inayoua: bila matibabu, kati ya asilimia 10 na 40 ya wagonjwa hufariki, na wazee hufariki zaidi. Majirani zetu wa Burundi waliionja katika miaka ya 1995 hadi 1997, ilipoanzia gerezani Ngozi na kisha kuenea katika makambi ya watu waliokimbia vita, ikawashika makumi ya maelfu ya watu. Kilichosaidia kuizima ni dozi moja tu ya doksisaiklini, miligramu 200, iliyotolewa kwa kila aliyeonyesha dalili, bila kungoja majibu ya maabara yoyote. Uganda inapokea wakimbizi kutoka Burundi, Kongo na Sudan Kusini, na ina magereza yenye msongamano. Kwa hiyo somo hilo linatuhusu moja kwa moja.

Maabara nayo ina mipaka ambayo lazima ieleweke. Vipimo vingi vya tifasi hutafuta kingamwili katika damu, na kingamwili hizo kwa kawaida huonekana katika wiki ya pili ya ugonjwa. Mgonjwa wa siku ya nne anaweza kuambiwa hana kitu, ilhali anacho. Hivyo uamuzi wa kuanza dawa hutokana na mambo matatu: maelezo ya mgonjwa, uchunguzi wa mwili wake, na jibu la kipimo cha malaria. Sampuli ya damu ichukuliwe ikiwezekana, tena kabla ya dozi ya kwanza, lakini dawa isicheleweshwe kwa ajili ya kungoja jibu.

Anza na malaria, lakini usiishie hapo

Siku ya kwanza ya homa, mpeleke mgonjwa apimwe malaria. Kipimo cha haraka hutumia tone la damu la kidoleni na hutoa jibu ndani ya nusu saa. Kikionyesha malaria, itibiwe kikamilifu. Usidanganyike na maneno ya mtaani kwamba doksisaiklini pia ni dawa ya malaria, hivyo inatosha peke yake. Ni kweli kwamba hutumika kuwakinga wasafiri, lakini kwa mtu aliyekwisha kuugua hufanya kazi polepole mno, na mtoto anaweza kufariki kabla haijamsaidia.

Kipimo kikionyesha kuwa hakuna malaria, au mgonjwa akiwa amemaliza dawa ya malaria na homa ikabaki palepale, hapo ndipo kazi ya kweli inapoanza. Mgonjwa au msindikizaji wake aeleze bila kungoja kuulizwa, kwa sababu kwenye foleni ndefu tabibu huwa na dakika chache tu. Aseme kama amechunga ng'ombe au amelala zizini, kama ametembea kwenye nyasi ndefu, kama nyumbani kuna panya wengi au panya wamekufa ovyo, kama ametoka gerezani, kambini au mahali ambapo watu wamelala wamebanana bila nguo za kubadilisha, na kama kuna mwingine katika nyumba hiyo anayeumwa vivyo hivyo. Aseme pia homa ilianza siku gani. Swali hilo la mwisho hupuuzwa sana, nami ningependa kila muuguzi aliandike juu kabisa ya daftari la mgonjwa, kwa sababu matibabu yote ya homa hizi huhesabiwa kuanzia siku hiyo.

Dalili za tifasi ni homa ya ghafla na kali, kichwa kuuma kwa namna ambayo mgonjwa mwenyewe husema hajawahi kuumwa hivyo, maumivu ya misuli na mgongo, na uchovu unaomlaza kitandani. Siku ya nne hadi ya sita hivi, vipele vidogo bapa huweza kutokea kifuani na tumboni na kuenea kuelekea mikononi na miguuni. Kwenye ngozi nyeusi vipele hivyo huonekana kwa shida sana. Mtazame mgonjwa kwenye mwanga wa mchana, si kwa tochi ya simu, na usiseme kuwa hakuna tifasi eti kwa sababu tu hukuona kipele. Katika homa ya kupe, tafuta kigaga kidogo cheusi kilichozungukwa na wekundu au uvimbe, mahali kupe alipouma. Huwa hakiumi, hivyo mgonjwa mwenyewe hajui kuwa anacho. Kwa ruhusa yake na kwa staha, angalia kwenye mkanda wa nguo, kinenani, nyuma ya magoti, makwapani na kwenye mpaka wa nywele. Mara nyingine vigaga huwa viwili au vitatu, na tezi zilizo karibu huwa zimevimba. Mtu mwenye homa, kigaga cheusi na historia ya kukaa na ng'ombe hahitaji kipimo kingine ili aanze kutibiwa.

Magonjwa mengine yanayofanana nayo, na yale yasiyopaswa kuchanganywa

Homa ya papasi, yaani kupe laini wanaoishi ndani ya nyumba, ina historia ndefu katika nchi hii. Madaktari Ross na Milne waliokuwa wakifanya kazi Uganda walionyesha mwaka 1904 kwamba homa ya kupe hao hutokana na vijidudu vyenye umbo la msokoto vinavyoonekana katika damu. Mwaka uliofuata Dutton, mtafiti mwenzao aliyekuwa Kongo, alifariki kwa ugonjwa huohuo aliokuwa akiuchunguza. Papasi hujificha kwenye nyufa za sakafu na kuta za udongo na huuma usiku. Homa yake hukaa siku chache, hukatika, mgonjwa akadhani amepona, kisha hurudi baada ya wiki hivi. Kipimo cha haraka cha malaria hakiwezi kuigundua, lakini fundi wa maabara anayetazama damu kwa darubini wakati homa imepanda anaweza kuviona vijidudu kwenye kioo kilekile alichotumia kutafuta malaria. Mwombeni aangalie. Ugonjwa huu pia hutibika kwa doksisaiklini, ila unaoletwa na papasi huhitaji siku 7 hadi 10, wakati ule unaoletwa na chawa mara nyingi huisha kwa dozi moja.

Tauni bado ni jambo la kweli katika mkoa wa West Nile, hasa Arua, Nebbi na Zombo. Panya wakianza kufa nyumbani, na mtu akapatwa na homa pamoja na mtoki wenye maumivu makali kinenani, kwapani au shingoni, asikae nyumbani hata usiku mmoja. Tauni ya mtoki isiyotibiwa huua kati ya asilimia 30 na 60 ya wagonjwa. Ikiingia mapafuni, mtu anayekosa dawa ndani ya saa 24 tangu dalili zianze kwa kawaida haponi. Matibabu yake huanza na sindano za jentamaisini au streptomaisini, au kwa doksisaiklini au siprofloksasini, na wale waliokaa karibu na mgonjwa wa tauni ya mapafu hupewa doksisaiklini kwa siku 7 hata kama hawaumwi.

Taifodi, ambayo ndiyo homa ya matumbo, si tifasi, ingawa majina yanakaribiana na makosa hutokea hadi kwenye karatasi za kliniki. Taifodi huingia kwa maji na chakula kilichochafuliwa. Mlipuko wa Kampala mwaka 2015 ulihusishwa na maji na vinywaji vya mtaani, na ule wa Kasese mwaka 2008 na 2009 ulitoboa matumbo ya wagonjwa wengi hadi wakalazimika kupasuliwa. Dawa zake ni siprofloksasini, azithromaisini au seftriaksoni, kutegemea usugu wa vijidudu, wala doksisaiklini haitumiki kuitibu. Hapa sina budi kusema wazi ninavyoona: kipimo cha Widal, kinachouzwa karibu kila kliniki, kimewafanya watu wengi waamini kuwa wana taifodi ya kudumu, na kimewaficha wagonjwa wengi wa homa nyingine nyuma ya jina hilo. Jibu la Widal peke yake lisiwe sababu ya kuacha kutafuta kigaga, chawa au mtoki.

Vilevile kuna homa ambazo antibiotiki haziziponyi kabisa. Uganda imepita katika milipuko ya Ebola Gulu mwaka 2000, Bundibugyo mwaka 2007 na Mubende mwaka 2022. Mtu mwenye homa pamoja na kutapika, kuharisha au kutokwa na damu, au aliyemhudumia mgonjwa au maiti wa namna hiyo, asiguswe bila kinga wala asipakiwe kwenye bodaboda. Mtengeni, mjulisheni VHT au kituo cha afya kwa simu, na mngoje timu ya wilaya.

Dawa na namna ya kuitoa

Kwa tifasi na homa za kupe, dawa ya kwanza ni doksisaiklini. Mtu mzima hupewa miligramu 100 asubuhi na miligramu 100 jioni. Mtoto aliye chini ya kilo 45 hupewa miligramu 2.2 kwa kila kilo ya uzito wake, mara mbili kwa siku. Kwa mfano, mtoto wa kilo 20 hupata miligramu 44 kila mara, na kwa kuwa kapsuli haigawanyiki vizuri, ni vyema mfamasia atafute vidonge vinavyoyeyuka au maji ya dawa. Hofu ya zamani kwamba doksisaiklini huharibu meno ya watoto wenye umri chini ya miaka 8 ilitokana na dawa za tetrasaiklini za zamani. Matumizi ya siku chache hayajaonekana kuleta doa, na mtoto mwenye tifasi yuko hatarini zaidi kwa kukosa dawa kuliko kwa kuipata. Dawa huendelea angalau siku 3 baada ya homa kukatika, na kwa kawaida jumla huwa siku 5 hadi 7 au zaidi. Ile dozi moja ya miligramu 200 niliyoitaja hufaa katika mlipuko wa tifasi ya chawa, ambapo wagonjwa ni wengi na hakuna anayeweza kuwafuatilia mmoja mmoja. Mgonjwa anayeweza kufuatiliwa apewe dozi kamili.

Mjamzito asijinunulie dawa hii. Kwake tabibu hupima hatari zote mbili. Ugonjwa ukiwa mwepesi anaweza kuchagua azithromaisini, na ukiwa mkali anaweza kuamua kumpa doksisaiklini au kloramfenikoli, kwa sababu tifasi yenyewe huweza kumuua mama na mtoto.

Amoksilini, ampisilini, penisilini, jentamaisini na seftriaksoni haziziwezi riketsia zilizojificha ndani ya seli, hata zikitolewa kwa sindano na hata zikiwa za bei kubwa. Septrin nayo haizitibu, na dawa za jamii yake, yaani za salfa, zimewahi kuhusishwa na ugonjwa kuwa mkali zaidi. Basi mtu anayeishi na virusi vya Ukimwi na anayemeza Septrin kila siku asidhani kuwa amekingwa. Mgonjwa mahututi ambaye chanzo cha homa yake hakijajulikana huweza kupewa seftriaksoni ya sindano pamoja na doksisaiklini, ili tusiache upande mmoja wazi tukiwa tunangoja uhakika.

Kapsuli imezwe na glasi nzima ya maji, mgonjwa akiwa ameketi wima, na asilale kwa nusu saa, kwa kuwa ikikwama kooni huweza kuchoma na kuacha kidonda. Asiimeze pamoja na vidonge vya madini ya chuma au dawa za kiungulia. Ziachane kwa saa mbili au tatu. Kichefuchefu kikimsumbua, ale chakula kwanza. Ngozi yake itachomwa na jua kwa urahisi zaidi kuliko kawaida, jambo ambalo mkulima anapaswa kuambiwa kabla hajarudi shambani. Vidonge vya zamani vilivyobaki kabatini visitumike, maana tetrasaiklini zilizoharibika zimewahi kuumiza figo.

Ikiwa kuna uwezekano wa homa ya papasi au ya chawa inayokatika na kurudi, dozi ya kwanza itolewe kituoni, na mgonjwa abaki hapo kwa saa kadhaa. Vijidudu vinapokufa kwa wingi kwa pamoja, mwili huweza kutetemeka vikali, homa ikapanda zaidi na shinikizo la damu likashuka. Familia isiyoonywa mapema huona kuwa dawa inamuua mgonjwa wao na kuikatiza. Waelezeni kabla hajameza, mpeni maji ya kutosha, na mpimeni shinikizo mara kwa mara.

Saa 48 za kwanza

Riketsia zinapokutana na doksisaiklini mapema, homa huanza kushuka ndani ya siku moja hadi mbili. Mwendo huo ni wa kawaida kiasi kwamba unaweza kutumiwa kama kipimo: homa isiposhuka hata kidogo baada ya saa 48, rudini mkachunguzwe upya, kwa sababu huenda ugonjwa ni mwingine, au dawa haikuwa halisi, au mgonjwa alikuwa akiitapika. Msiongeze dozi wenyewe. Na homa ikishuka, msiache dawa siku hiyohiyo eti mgonjwa amepona.

Akichanganyikiwa, akipata degedege, akishindwa kunywa, akipumua kwa shida, akitoa mkojo kidogo sana au shingo ikikaza, msingoje saa 48 zitimie. Huyo ni wa kituo cha afya cha daraja la nne au hospitali, mahali penye oksijeni na maji ya mshipani, na aondoke na karatasi inayoonyesha siku homa ilipoanza na saa aliyopewa dozi ya kwanza.

Pamoja na dawa, chawa lazima waondolewe siku hiyohiyo. Huko Tunis mwaka 1909, Charles Nicolle alitambua kwamba wagonjwa wa tifasi waliambukiza watu hadi kwenye mlango wa hospitali, lakini wakishaogeshwa na kuvuliwa nguo zao hawakuambukiza tena. Hivyo ndivyo alivyogundua kazi ya chawa, na mwaka 1928 alipewa Tuzo ya Nobel. Chawa wa mwilini hukaa kwenye mishono ya nguo, siyo kwenye ngozi. Nguo na blanketi zichemshwe, au zipigwe pasi ya moto hasa kwenye mishono, na ambazo haziwezi kuoshwa zifungwe kwenye mfuko bila kuvaliwa kwa wiki mbili. Kupe aliyeng'ang'ania avutwe taratibu kwa koleo dogo karibu na ngozi, bila kumchoma kwa moto wala kumpaka mafuta, na asipondwe kwa vidole. Aliyeumwa na kupe lakini hana homa hahitaji antibiotiki. Ajiangalie kwa wiki mbili, na homa ikianza aende kituoni siku hiyo na aseme habari za kupe huyo kabla ya jambo lingine lolote.